Kwa Nini Mbwa Hugaagaa Penye Uvundo

Mbwa anayekusudia kugaagaa juu ya kitu kinachonuka hana pupa hata kidogo. Kwanza husimama ghafla, akashusha pua, akanusa mahali pale kwa makini, akiondoka hatua mbili na kurudi, pengine akilamba kidogo. Kisha huinamisha upande mmoja wa kichwa, akagandamiza shavu na shingo juu ya kile alichokipata, akajisukuma kwa miguu ya nyuma huku bega likifuata, na hatimaye hujitupa chali na kujinyonganyonga miguu ikiwa juu, kwa raha ambayo hata asiyependa mbwa hawezi kuikana. Akiinuka hujikung'uta, hunusa tena, na mara nyingi hurudia kwa upande wa pili. Mtu akitazama kwa utulivu, kabla hajaanza kuiwazia kazi ya kumwosha, ataona kwamba huyu si mnyama aliyeteleza akaangukia uchafu. Ni shughuli yenye utaratibu wake, inayoanzia shavuni na shingoni karibu kila mara, na mbwa huifanya hivyo hata kama hajawahi kumwona mbwa mwingine akiifanya.

Ninaishi Mwanza, si mbali na mwalo mmoja mdogo wa wavuvi, na kwa mwenye udadisi wa jambo hili sidhani kama kuna mahali pazuri zaidi. Dagaa huanikwa mchangani na juu ya vichanja, matumbo ya sangara hutupwa kando ya maji, na jua hushughulikia yaliyobaki. Mbwa wangu, jike la rangi ya udongo aitwaye Popi, ana uchaguzi wake. Samaki aliyeoza humsimamisha papo hapo. Panya aliyekufa, kinyesi cha paka na mabaki ya ndege aliyeliwa na mnyama mwingine navyo hupewa heshima yao. Samadi ya ng'ombe, ambayo hujaa njiani kila jioni mifugo inaporudi, huipita bila hata kugeuza shingo. Wafugaji wengine watasema kwamba mbwa wao hawabagui hivyo, nami sina sababu ya kuwabishia; lakini ubaguzi huu wa Popi ndio ulionisukuma kusoma, kwa sababu maelezo yanayotolewa kila siku kuhusu tabia hii hayawezi kuueleza.

Niongeze kwamba katika sehemu kubwa ya nchi yetu swali lenyewe halizuki. Mbwa hulala nje, hula makombo, hulinda boma, na hakuna anayejali jana alinuka nini. Swali ni la yule aliyemruhusu mbwa avuke kizingiti, akalala barazani au, Mungu amsaidie, juu ya zulia.

Jibu ambalo karibu kila mtu atakupa ni kwamba mbwa hujificha. Mbwa ni mwindaji, husema jibu hilo, na mwindaji akijipaka samadi au uvundo wa mzoga, mawindo hayatamtambua mpaka yawe yamechelewa kukimbia. Ni jibu lenye mvuto, na nadhani mvuto wake unatokana na sisi wenyewe. Binadamu hana mbio za kumfikia swala, hutegemea kuvizia na kunyemelea, kwa hiyo akimwona mnyama anajipaka kitu humpa mara moja hila ambayo angeitumia yeye. Jibu hilo likichunguzwa kwa karibu, hata hivyo, linapwaya.

Kabla ya kuonyesha linapopwaya, nieleze kwamba nikiandika mbwa mwitu nitakuwa na maana ya yule mkubwa wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Mbwa wote wa kufugwa, kuanzia mbwa koko wa sokoni hadi kile kijibwa cha kupakatwa, wametokana na jamii ya mbwa mwitu wa kale zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Yule mwenye mabaka, wa Serengeti na wa Hifadhi ya Nyerere, ni ndugu wa mbali, na nikimtaja nitamtaja kwa mabaka yake. Mbwa hakujifunza kugaagaa kwa binadamu. Aliirithi tabia hiyo kwa wazee wake, na ndiyo maana watafiti wameifuatilia zaidi kwa mbwa mwitu kuliko kwa mbwa wa nyumbani.

Sasa tuangalie namna wanyama hawa wanavyowinda. Mbwa mwitu hulikaribia kundi la kulungu, hulijaribu, hulitimua, na katika mtimuko huo humtafuta aliye mzee, mgonjwa au mchanga. Wakati huo mawindo yamekwisha kuwaona zamani. Wale wenye mabaka hukimbiza swala waziwazi kwenye nyika tupu, kilomita baada ya kilomita, mpaka pumzi za swala ziishe. Mwindaji anayetegemea mbio na ushirikiano wa kundi hapati faida kubwa kwa kuficha harufu yake. Tena anayeihitaji faida hiyo anayo njia nyepesi zaidi, ambayo kila mwindaji wa mkuki na upinde aliijua: kumwendea mnyama huku upepo ukikupiga usoni, ili harufu yako ibaki nyuma yako. Njia hiyo haidai kutafuta mzoga kwanza.

Halafu kuna suala la sehemu ya mwili inayopakwa. Mnyama anayetaka kufuta harufu yake angeanzia inakotoka kwa wingi, yaani kwenye tezi za makalio, kwenye nyayo na mahali mkojo unapogusa manyoya. Mbwa huanzia shavuni, shingoni na mabegani, na mara nyingi huishia hapo. Isitoshe, kujipaka harufu ya pili hakuiondoi ya kwanza. Pua ya mnyama wa porini huzitenganisha harufu zilizochanganyika, na mbwa aliyejipaka samaki aliyeoza, mbele ya pua hiyo, ni mbwa mwenye samaki aliyeoza.

Lakini hoja iliyonimaliza mimi ni ile ya harufu zenyewe. Mwaka 1986 Jenny Ryon na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa mwitu waliokuwa wakitunzwa ndani ya uzio. Waliwawekea harufu za aina mbalimbali na kutazama ni zipi zingewafanya wajisugue. Kama nadharia ya kujificha ni ya kweli, kinyesi cha kondoo na cha farasi, yaani harufu ya wala majani, kingeshika nafasi ya kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo harufu ambayo mawindo yameizoea na hayaiogopi. Ilikuwa kinyume chake. Vinyesi vya wala majani havikuwavutia sana. Kinyesi cha puma, yaani paka mkubwa wa porini wa Amerika, na cha dubu kiliwavutia zaidi, na vilivyowavutia kuliko vyote vilikuwa vitu vya dukani: marashi na oili ya injini. Mtu anayetaka kushikilia kwamba mbwa mwitu hujificha ili asitambuliwe na kulungu inabidi atueleze ni kulungu gani anayetulia akisikia harufu ya puma, au ya gereji.

Niliposoma hayo nilikumbuka samadi ya ng'ombe ambayo Popi huipita kila jioni. Mbwa mmoja si utafiti, najua. Hata hivyo nilifurahi kuona kwamba dharau yake ina wenzake.

Kujificha kwa harufu kupo duniani, lakini wanaokutumia ni wale wanaowindwa. Kindi wa ardhini wa California hutafuna ngozi iliyovuliwa na nyoka mwenye njuga mkiani, kisha hulamba manyoya yao mpaka mwili mzima ushike harufu ya nyoka. Barbara Clucas, Donald Owings na wenzao, walioichunguza tabia hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliona kwamba majike na watoto hujipaka kwa muda mrefu kuliko madume makubwa, na madume hao ndio wasio na hofu kubwa ya nyoka. Walipowajaribu nyoka wenyewe, harufu ya kindi iliyochanganyika na ya nyoka haikuwavuta kama harufu ya kindi peke yake. Hapo ushahidi umekaa sawa: anayejipaka ni yule mwenye hatari, na anayedanganywa kweli amedanganyika. Katika milima ya Santa Cruz, California hiyo hiyo, kamera zilizotegwa porini zilinasa mbweha wa kijivu wakisugua mashavu yao mahali ambapo puma wameweka alama za harufu. Max Allen na wenzake, katika makala ya mwaka 2017, walipendekeza kwamba mbweha hao huazima harufu ya mnyama mkubwa ili koyote, jamaa wa mbwa mwitu ambao huwaua mbweha, wasite kuwasogelea.

Afrika Mashariki tuna mfano mkali zaidi, ingawa si wa harufu. Kuna panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu na shungi mgongoni, aitwaye kitaalamu Lophiomys imhausi, ambaye hutafuna gome la ule mti unaochemshwa kupata sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni yaliyoumbwa kuinyonya. Jonathan Kingdon na wenzake walieleza utaratibu huo mwaka 2011. Mbwa waliomng'ata panya huyo wamekufa. Hiyo ndiyo sura ya mnyama anayejipaka kitu kwa ajili ya usalama wake: anachokipaka kina kazi inayoonekana, na mahali anapokipaka ndipo meno ya adui yanapofikia.

Mbwa hafanani na hao. Kama hajifichi, basi shingo yake yenye uvundo imekusudiwa pua ya nani?

Pat Goodmann, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na mbwa mwitu wa Wolf Park, kituo cha kuwatunza wanyama hao huko Battle Ground, jimbo la Indiana, Marekani, alitoa wazo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine. Alikuwa akiona kwamba mbwa mwitu aliyegaagaa juu ya kitu akirudi kwa wenzake, wao humjia na kumnusa kwa makini, hasa usoni na kandokando ya mwili, na wakati mwingine huifuata njia aliyopita mpaka wakakifikia kitu chenyewe. Kwa maneno mengine, yule mbwa mwitu amebeba habari. Hawezi kusema amekuta mzoga wa kulungu upande wa mtoni, lakini anaweza kuuleta ushahidi wake mwilini, akaja nao mahali ambapo pua za wenzake zitaukuta kwanza. Ukilitazama hivi, lile suala la shavu na shingo linapata maana: hizo ni sehemu zilizo mbele kabisa, ambazo wanyama wanaosalimiana hufikishiana kwa urahisi. Na upendeleo wa harufu ngeni nao unapata maana, kwa sababu habari ya jambo linalojulikana na wote si habari. Samadi ya wala majani ipo kila mahali. Puma hapiti kila siku, na oili ya injini ni kitu ambacho hakijapata kutokea porini.

Wahenga wa pwani walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wakimkusudia mtu anayehangaika ufukweni mpaka akapata kitoweo. Kwa mbwa mwitu methali hiyo ingeweza kusomwa neno kwa neno, isipokuwa kwamba kitoweo ni cha ukoo mzima.

Ushahidi mwingine unatoka kwa fisi, na hapa ziko nyayo zetu. Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi madoa katika Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alieleza jinsi fisi anavyotapika mafundo ya nywele za wanyama aliowala, na jinsi fisi wanavyogaagaa juu ya matapishi hayo. Miaka mingi baadaye jambo hilo lilipimwa kwa majaribio katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako palikuwa na kundi la fisi lililotokana na watoto waliochukuliwa Kenya katikati ya miaka ya 1980. Christine Drea, Stephen Glickman na wenzao walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwapa fisi hao harufu mbalimbali na kutazama wanavyogaagaa na wanavyopokelewa na wenzao. Fisi mwenye uvundo wa mzoga mwilini alinuswa na kulambwa manyoya na wenzake kuliko fisi mwenye harufu ya kafuri. Kafuri! Kitu ambacho sisi huwatilia maiti wetu katika maji ya mwisho ya kuwaosha, kwa usafi na heshima, kwa fisi hakina sifa yoyote, na mzoga ndio unaomfanya mtu wa maana.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba fisi si jamaa ya mbwa. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na paka na nguchiro. Tabia moja kuonekana pande zote mbili za wala nyama, tena pande zilizoachana mamilioni ya miaka iliyopita, kunamaanisha kwamba ama ni ya kale mno au imezuka zaidi ya mara moja kwa sababu ina faida. Na pande zote mbili wenye tabia hii kwa nguvu zaidi ni wanyama wanaoishi kwa makundi yenye vyeo, ambao kila siku hutengana kutafuta chakula na kurudi kukutana. Sioni kama hilo ni bahati tu.

Yapo mawazo mengine, nayo nitayapitia kwa haraka. Wako wanaosema kwamba mbwa haichukui harufu bali anaiacha yake, yaani anatia alama kwa tezi za mashavuni na shingoni. Lakini mbwa ana mkojo, ambao hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na akigaagaa huonekana kuchukua kuliko kuacha. Wako wanaosema kundi zima hugaagaa mahali pamoja ili wote wanuke namna moja na watambuane. Hilo linawezekana, na halipingani na wazo la Goodmann. Na wako wanaosema mbwa anapenda tu, basi. Wa mwisho hawa hupuuzwa na wasomi, na nadhani wanaonewa. Raha ndiyo njia ambayo maumbile hutumia kumfanya mnyama atende jambo lenye faida bila kuijua faida yenyewe. Anayekula kwa sababu chakula ni kitamu na anayekula kwa sababu mwili unahitaji nguvu ni mtu yule yule mmoja. Popi anagaagaa kwa sababu ni raha. Kwa nini ni raha, hilo ndilo swali, na jibu lake liko kwa wazee wake.

Hapo tunafika kwenye neno uvundo, ambalo nimelitumia tangu mwanzo kana kwamba mbwa naye analikubali. Halikubali. Ndani ya pua ya mbwa kuna chembe za kupokea harufu zinazohesabiwa kwa mamia ya milioni, wakati za kwetu ni milioni chache. Akitoa pumzi, hewa hutokea kwenye mipasuko ya pembeni ya pua, kwa hiyo haiisukumi mbali ile harufu anayoivuta kwa mbele. Juu ya kaakaa ana kiungo kingine cha kunasa kemikali nzito ambazo hazipeperuki kirahisi, na pengine ndiyo sababu hulamba kabla ya kugaagaa. Mnyama mwenye vifaa hivyo akiufikia mzoga hakutani na ukuta mmoja wa kunuka kama tunavyokutana nao sisi. Anapata maelezo: ni mnyama gani, amekufa lini, amekwisha kuguswa na nani.

Kemikali zinazotufukuza sisi zinajulikana vizuri. Bakteria wanapovunja protini za mnyama aliyekufa huzalisha, miongoni mwa nyingine, putresini na kadaverini, ambazo Ludwig Brieger, daktari wa Berlin, alizitambulisha mwaka 1885. Kwenye kinyesi kuna indoli na skatoli. Kwenye samaki kuna trimethilamini, ambayo ndiyo shombo yenyewe. Kwa binadamu harufu hizo ni onyo la kutokula na kutogusa, na onyo hilo limeokoa maisha mengi. Mbwa ana tumbo linalostahimili nyama iliyoanza kuharibika, na wazee wake waliishi kwa mizoga kila walipokosa mawindo. Kwake onyo hilo ni mwaliko.

Wala tusijifanye wasafi kupita kiasi. Zabadi, iliyotumiwa karne nyingi katika marashi ya Waarabu na ya Wazungu, ni utoko wa tezi zilizo karibu na makalio ya fungo, na ikiwa mbichi inanuka choo kwa sababu ina skatoli. Ni ikishazimuliwa ndipo inakuwa tamu. Ambari hutoka katika utumbo wa nyangumi, na al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu aliyeifahamu pwani yetu katika karne ya 10, aliisifu ile ya bahari ya Zanj kuwa bora kuliko zote. Asumini ambayo wanawake wa pwani huichomeka nywelini na kuipanga katika vikuba ina indoli, ile ile ya kinyesi, kwa kiasi kidogo. Mwanadamu anayejipaka shingoni na nyuma ya masikio kitu kilichotoka makalioni mwa fungo, kisha akaenda kukutana na watu, hana haki kubwa ya kumshangaa mbwa. Mzee mmoja jirani yangu, mvuvi mstaafu, alilisema hilo kwa ufupi siku alipomwona Popi akirudi kutoka ufukweni: "Mwache mwenzako, ametoka dukani kununua marashi."

Swali gumu linabaki kwa mbwa wa nyumbani ambaye hana kundi. Popi akigaagaa juu ya matumbo ya sangara, habari hiyo anampelekea nani? Mimi tayari nimeambiwa na pua yangu, na sikuhitaji kuambiwa. Jibu langu ni kwamba tabia haingojei mahitaji. Mbwa aliyeshiba naye hufukia mfupa, na aliyelala kwenye godoro huzunguka kwanza kana kwamba anabonyeza nyasi. Miaka 14,000 na zaidi ya kuishi nasi imebadili masikio, rangi, ukubwa na hata namna mbwa anavyotutazama usoni, lakini haikuwa na sababu ya kukifuta kitendo ambacho hakimgharimu mbwa chochote. Hata hivyo sina hakika kwamba habari inapotea bure. Mbwa wa majirani wakikutana na Popi siku za kawaida, huanzia nyuma, kama ilivyo desturi yao. Akitoka ufukweni na mzigo wake shingoni, hubadili utaratibu: huanzia shavuni, wakashuka mpaka begani, na zaidi ya mara moja nimemwona mmoja wao akiachana naye na kuondoka kuelekea mwaloni.

Kwa mwenye mbwa, yako mambo mawili yanayostahili tahadhari, na uchafu wa zulia si mojawapo. La kwanza ni sumu. Wako watu wanaotega nyama yenye sumu kwa ajili ya wanyama wanaoshambulia mifugo, na mbwa anayelamba kabla ya kugaagaa anaweza kuishia hapo hapo. La pili ni magonjwa ya mizoga, na hasa kimeta, ambacho hutokea mara kwa mara katika maeneo ya wafugaji na wanyamapori ya kaskazini mwa nchi. Mnyama aliyekufa ghafla, akatokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au makalioni, asiguswe na mtu wala mbwa, na afisa mifugo aarifiwe. Vijidudu vyake vinaweza kukaa ardhini miongo kadhaa. Mbwa mwenyewe huhimili kimeta kuliko ng'ombe, lakini anaweza kukileta nyumbani juu ya manyoya. Dalili ya kuwahi ni ile niliyoianza nayo: akisimama, akashusha pua na kuinamisha bega moja, bado una nafasi ya kumwita. Bega likishagusa chini umechelewa.

Kuhusu kumwosha, kemia ya jikoni inasaidia. Shombo na sehemu ya uvundo wa mzoga ni kemikali za jamii ya amini, ambazo zikikutana na asidi hafifu hugeuka chumvi isiyopeperuka. Ndiyo sababu mpishi humkamulia samaki ndimu, na ndiyo sababu maji yenye siki kidogo, yakiepushwa na macho na vidonda, hufanya kazi ambayo sabuni peke yake haifanyi. Huondolewa kwanza mafuta kwa sabuni ya kawaida, kisha siki iliyozimuliwa, kisha maji mengi. Kitu kisichofaa ni sabuni yenye manukato makali. Wale mbwa mwitu wa Kanada walijisugua kwenye marashi kwa bidii kuliko kwenye vinyesi vyote walivyowekewa, na mbwa aliyetoka kwenye beseni akinuka waridi amebebeshwa harufu ngeni ambayo hakuichagua, na hukimbilia vumbi la kwanza analoliona. Tangu nilipobadili sabuni, Popi hukimbilia vumbi kwa nadra zaidi. Samaki aliyeoza hajabadilika bei.